Bakteria wa kutuliza ngozi: Ahadi ni tamu, ushahidi ungali haba

KWA muda mrefu, neno bakteria limeambatana na uchafu, usaha na maradhi. Watoto shuleni hufunzwa kunawa mikono ili kuwaangamiza, na sabuni huuzwa kwa sifa ya kuwaua. Lakini katika miaka ya hivi karibuni baadhi ya watengenezaji wa vipodozi wamegeuza kibao. Sasa wanauza krimu ambazo sifa yake kuu ni kwamba zina bakteria, au vitu vilivyotolewa ndani ya bakteria, na ambazo inadaiwa hutuliza ngozi iliyovimba, inayowasha na kupasuka.

Krimu za aina hiyo, nyingi zikitoka Ulaya, zimekwisha kufika katika maduka makubwa ya dawa jijini Nairobi na katika biashara ya mitandaoni. Mkazi wa Nchiru, eneo la Tigania Magharibi katika Kaunti ya Meru, anaweza kuagiza kwa simu na kuletewa. Linalopasa kuulizwa ni iwapo fedha anazotoa zinanunua tiba au zinanunua matumaini.

Hilo si swali la anasa. Ukurutu, ugonjwa wa ngozi ambao mara nyingi huanza utotoni na huandamana na pumu na mizio mingine katika familia, huwakosesha usingizi mtoto na mzazi kwa pamoja. Mtoto hujikuna usiku kucha hadi ngozi itoke damu. Akifika shuleni hutengwa na wenzake wakidhani ana upele, ilhali ukurutu hauambukizi hata kidogo. Mzazi aliyefika hapo huwa tayari kununua chochote.

Nchiru ina sababu nyingine ya kulifuatilia suala hili. Hapo ndipo palipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mnamo 2013, na ambacho hufunza sayansi ya chakula na masomo ya afya. Aidha, Meru ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na mala ni kinywaji cha kila siku. Kwa maneno mengine, wagonjwa wapo, bakteria wapo na wanasayansi wapo.

Kilicho hai na kilichokufa

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya, pengine kwa kusudi. Mnamo 2001, wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Neno la kuzingatiwa hapo ni hai.

Krimu nyingi zinazouzwa kwa jina la probiotiki hazina kijidudu hata kimoja kilicho hai. Ndani yake mna vihifadhi vinavyozuia krimu isioze, na vihifadhi hivyo vingewaua bakteria hao kabla ya kopo kufunguliwa. Kilichomo ni ziduo, yaani kile kinachopatikana baada ya bakteria kukuzwa kiwandani, kuuawa kwa joto au kupasuliwa, kisha vipande na majimaji yao kukusanywa. Mnamo 2021, jopo la kimataifa la wanasayansi liliamua kwamba bidhaa za namna hiyo, zikithibitika kuwa na manufaa, ziitwe postibiotiki.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Ziduo lina ubora wake: halihitaji jokofu, haliwezi kumwambukiza mgonjwa mwenye kinga dhaifu, na kiasi chake hupimika. Kwa mji usio na uhakika wa umeme, bidhaa isiyoharibika kwa joto ina maana kubwa. Hata hivyo, bakteria aliyekufa hawezi kuongezeka wala kuweka makao juu ya ngozi, kwa hivyo mtu hawezi kudai kwamba krimu hiyo inarudisha bakteria wema kwenye ngozi yake.

Namna inavyodhaniwa kufanya kazi

Ngozi yenye afya ni kama ukuta wa matofali. Seli ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo saruji. Kwa mgonjwa wa ukurutu, saruji hiyo hupungua. Maji hutoka, ngozi hukauka, na sabuni kali, vumbi na chavua hupenya. Askari wa kinga ya mwili hukurupuka kupigana na wavamizi hao, na ni mapigano hayo yanayoleta joto, uvimbe na mwasho. Mgonjwa anapojikuna, ukuta hubomoka zaidi.

Katika mianya hiyo hujiingiza bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Huyu hupatikana kwa wingi kwenye ngozi ya wagonjwa wengi wa ukurutu, na sumu zake huzidi kuichochea kinga ambayo tayari imehamaki.

Hapa ndipo hoja ya ziduo inapoingia. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba vipande vya baadhi ya bakteria wapole hutambuliwa na seli za ngozi kama ishara. Seli hizo hujibu kwa kutengeneza protini zinazoua vijidudu hatari, huku kemikali zinazoeneza uvimbe zikipungua.

Wazo lenyewe si geni. Elie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa Milki ya Urusi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1908, ndiye aliyeeneza imani kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka huimarisha afya. Mnamo 1930, madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, John Stokes na Donald Pillsbury, walitoa hoja kwamba hali ya akili, ya matumbo na ya ngozi zimefungamana, na wakapendekeza bakteria wa maziwa kuwa mojawapo ya njia za kutibu. Imechukua miongo mingi kwa majaribio ya kitabibu kuikuta dhana hiyo.

Majaribio yanasema nini?

Tukianza na ziduo la kupaka, jaribio linalotajwa mara kwa mara ni la 2008. Watafiti walichukua bakteria aitwaye Vitreoscilla filiformis, anayehusishwa na chemchemi za maji ya madini, wakatengeneza krimu yenye asilimia 5 ya ziduo lake, na kuwapa wagonjwa kwa siku 30 huku wengine wakipewa krimu tupu. Wagonjwa wote walikuwa 75. Waliopaka ziduo walipata nafuu zaidi ya wenzao. Mnamo 2010, utafiti mwingine uliwahusisha wanawake 66 wenye ngozi nyepesi kukereka, waliopaka kwa miezi miwili. Ziduo la Bifidobacterium longum lilipunguza kukereka huko.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yapasa kusomwa kwa uangalifu. Idadi ya washiriki ni ndogo, muda ni mfupi, na watafiti wakuu walihusiana na sekta ya vipodozi yenyewe. Hilo halimaanishi kwamba matokeo ni ya uongo. Linamaanisha tu kwamba yanahitaji kurudiwa na watu wasio na cha kuuza.

Umuhimu wa kurudia jaribio unadhihirika katika bakteria wa kunywa. Mnamo 2001, watafiti wa Turku, Finland, walitangaza kwamba walikuwa wamewapa kina mama wajawazito, na baadaye watoto wao wachanga, bakteria wa nasaba ya Lactobacillus GG. Watoto hao walipotimiza miaka miwili, asilimia 23 ya waliopewa bakteria walikuwa na ukurutu, ikilinganishwa na asilimia 46 ya wale ambao hawakupewa. Dunia ilishangilia.

Miaka saba baadaye, mnamo 2008, watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanana na hilo, kwa kutumia nasaba ile ile. Safari hii hapakuwa na tofauti: takriban asilimia 28 kwa 27. Kisha mnamo 2018, mapitio ya shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima tafiti za kitabibu, yalichunguza majaribio 39 yaliyohusisha watu 2,599 waliokuwa tayari wana ukurutu. Hitimisho lilikuwa kwamba kumeza probiotiki huenda kukaleta tofauti ndogo au kusilete tofauti yoyote kwa dalili kama vile mwasho na kukosa usingizi.

Bakteria hai wa kupaka nao wamepitia bonde na mlima. Mnamo 2018, wanasayansi wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliripoti kwamba watu wazima 10 na watoto 5 walipakwa bakteria aitwaye Roseomonas mucosa, aliyetolewa kwenye ngozi ya watu wenye afya, na wengi wao walipata nafuu. Kampuni ya Forte Biosciences iliuendeleza mradi huo. Mnamo Septemba 2021, jaribio kubwa zaidi lililolinganisha bakteria hao na kitu kisicho na dawa lilishindwa kufikia lengo lake kuu.

Mwaka huo huo, watafiti wa California walichapisha jaribio la wagonjwa 54 waliopakwa Staphylococcus hominis. Kwa ujumla ukali wa ugonjwa haukupungua kuliko wa wale waliopewa krimu tupu. Lakini kwa wagonjwa ambao aina yao ya Staphylococcus aureus iliweza kuuawa na bakteria huyo, hali iliimarika. Funzo ni kwamba bakteria mmoja hawezi kuwa dawa ya kila mtu.

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ushahidi uliopo unaruhusu kusema kwamba baadhi ya maziduo yanaweza kuongeza nafuu kidogo yakitiwa katika krimu nzuri ya kulainisha ngozi. Hauruhusu kusema kwamba yanaponya ukurutu, wala kwamba yanaweza kuchukua nafasi ya dawa aliyoandikiwa mgonjwa na daktari.

Ngozi nyeusi kando ya meza

Kuna pengo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kulitilia maanani. Majaribio ya kupaka yaliyotajwa hapa yalifanyiwa Ulaya na Marekani. Je, matokeo yake yanaweza kuhamishwa hadi Meru bila kupimwa upya?

Kuna sababu za kutia shaka. Barani Ulaya, wagonjwa wengi wa ukurutu wana hitilafu katika jeni inayotengeneza filagrini, protini muhimu katika ukuta wa ngozi. Watafiti walipowachunguza wagonjwa wa Ethiopia na kuchapisha matokeo mnamo 2011, hitilafu hizo hazikuwa sababu kuu. Ikiwa mlango ambao ugonjwa unaingilia si ule ule, haifai kudhani kwamba ufunguo utakuwa ule ule.

Isitoshe, vitabu vingi vya tiba huueleza uvimbe wa ngozi kwa wekundu wake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Ngozi huwa ya kijivu, ya zambarau au nyeusi zaidi, na baada ya uvimbe kutulia huacha madoa yanayodumu kwa miezi. Mgonjwa huhesabiwa kuwa na ugonjwa mwepesi kuliko alio nao. Madoa hayo ndiyo humsukuma kwa wauzaji wa krimu za kung'arisha ngozi.

Na katika krimu hizo mna hatari halisi. Krimu za steroidi zimekuwa nguzo ya tiba ya ukurutu tangu miaka ya 1950, na zikitumiwa kwa maelekezo ni salama. Lakini steroidi kali kama vile clobetasol huuzwa holela na kuchanganywa katika vipodozi vya kung'arisha. Zikipakwa kwa miezi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huacha michirizi, na zikikaribia macho huweza kudhuru uwezo wa kuona. Wengi walioona madhara hayo kwa jirani sasa wanaogopa hata steroidi nyepesi aliyoandikiwa mtoto wao. Hofu hiyo ndiyo soko la bidhaa yoyote inayojiita ya asili.

Hapa ndipo madhara ya ahadi tupu yanapoonekana. Krimu ya bakteria yenyewe yaweza kuwa haina sumu, lakini mzazi akiacha dawa ili aitumie, ukurutu hurudi kwa kishindo, vidonda huingiwa na usaha, na gharama ya hospitali huzidi ile aliyokuwa akijaribu kuepuka.

Ni nani mlinzi?

Nchini Kenya, dawa husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, nao ubora wa vipodozi husimamiwa na shirika la KEBS. Bidhaa inayosemekana kulainisha ngozi hupita mlango mmoja, na inayosemekana kutibu ugonjwa yapasa kupita mlango mwingine ulio mgumu zaidi. Wauzaji werevu husimama katikati ya milango hiyo. Lebo husema "hutuliza", huku tangazo la mtandaoni likinong'ona "huponya".

Kinachohitajika si sheria mpya bali utekelezaji wa mpaka huo. Bidhaa inayodai kutibu ukurutu na iwasilishe jaribio lake. Inayotumia neno probiotiki na itaje spishi na nasaba ya bakteria, ieleze kama ni hai au ni ziduo, na kiasi chake. Bila maelezo hayo mnunuzi hana namna ya kujua iwapo kopo alilonunua lina kile kilichopimwa, kwani nasaba mbili za spishi moja zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Tatizo huzidishwa na uhaba wa madaktari wa ngozi nje ya miji mikubwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mnamo 1992 kimewafunza maafisa wa tiba kutoka mataifa mengi ya Afrika, na kimeonyesha kwamba si lazima kila mgonjwa amwone daktari bingwa. Afisa wa kliniki aliyefunzwa vyema anaweza kuutambua ukurutu na kuutibu kwa dawa za bei nafuu. Kaunti zikiwekeza huko, wateja wa wauza miujiza watapungua.

Kutoka kibuyu hadi maabara

Pamoja na tahadhari hizo, ingekuwa hasara kuitupa dhana yenyewe. Mgala muue na haki yake mpe. Bakteria wanaokuzwa kwa gharama Ulaya wana jamaa zao katika vibuyu vya Kenya. Utafiti uliochapishwa mnamo 2004 kuhusu kule naoto, maziwa ya kuchacha ya Wamaasai, ulionyesha kwamba bakteria wa kundi la Lactobacillus plantarum ndio waliotawala ndani yake. Mnamo 2008, utafiti mwingine ulieleza sifa za baadhi ya nasaba hizo zinazozifanya zistahili kuchunguzwa kama probiotiki.

Hili lisieleweke kwamba mgonjwa ajipake mala nyumbani. Maziwa ya kibuyuni yana mchanganyiko wa vijidudu usiojulikana, na kuyapaka kwenye ngozi iliyopasuka ni kukaribisha maambukizi, mbali na hatari ya kuzua mzio wa maziwa. Njia ya kutoka kibuyuni hadi kwenye dawa hupitia maabara, kamati ya maadili ya utafiti, kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, na wagonjwa wanaokubali kwa hiari.

Njia hiyo si ya ndoto kwa chuo kama cha Nchiru. Kutenga bakteria wa mala na wa uji uliochachuliwa, kuwatambua, kuwaua kwa joto na kupima ziduo lao dhidi ya Staphylococcus aureus ni kazi ya maabara inayoweza kuanza kwa vifaa vya kawaida vya maikrobiolojia. Jaribio kwa wagonjwa litahitaji hospitali, madaktari wa ngozi na fedha, na hapo ushirikiano na hospitali ya rufaa ya Meru pamoja na taasisi ya KEMRI ungefaa. Hata jawabu la "haifanyi kazi" lingewaokolea wazazi fedha nyingi.

Kuna pia suala la umiliki. Mnamo 2004, shirika la KWS lilidai mgao kutoka kwa kampuni ya Marekani ya Genencor, kwa hoja kwamba vimeng'enya vilivyotumiwa kufifisha rangi ya nguo za jeans vilitokana na vijidudu vya Ziwa Bogoria vilivyochukuliwa bila idhini ifaayo. Kampuni hiyo ilipinga madai hayo. Taifa lilijifunza kwamba hata kijidudu kisichoonekana kwa macho ni mali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali kulinda maarifa asilia na rasilimali za kijenetiki za jamii, na mnamo 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ikiwa siku moja bakteria wa mala ya Meru atathibitika kutuliza ngozi, kina mama waliomtunza kibuyuni kwa vizazi wasisahauliwe katika hesabu.

Kwa sasa, ushauri wa madaktari kwa mwenye ukurutu ungali wa kawaida na wa bei nafuu: kuoga kwa maji ya vuguvugu bila sabuni kali, kupaka mafuta mazito kama vaselini mara tu baada ya kuoga, kutumia steroidi aliyoandikiwa kwa kiasi na muda aliopewa, na kurudi hospitalini vidonda vikianza kutoa usaha. Anayetaka kuongeza krimu ya ziduo juu ya hayo, na ana uwezo, hajatenda kosa. Asiye na uwezo hajakosa tiba.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu ya bakteria bado inajitembeza. Itakapotaja nasaba yake na kuonyesha jaribio lililofanyiwa watu wenye ngozi kama ya mtoto wa Nchiru, hapo itakuwa na haki ya kujiuza.